Mashine ya sikio ya kumnunulia mzazi: ya nyuma ya sikio, ya ndani, au ya mfukoni?

Betri yenyewe ni ndogo kuliko punje ya hindi. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwetu Nkuhungu, Dodoma, mashine mkononi, akijaribu kufungua kimlango cha betri kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha wa mtu aliyefanya kazi ya karakana ya reli miaka yote ile ni mnene, na kidole chenyewe siku hizi kimekaza, hakikunjiki vizuri. Mara ya kwanza mashine iliteleza ikaanguka kwenye mkeka. Mara ya pili kimlango kilifunguka kwa nguvu, betri ikaruka, ikabiringika hadi mchangani chini ya mwarobaini. "Mama, hebu nitafutie," akaniambia. Niliipata imeshika vumbi. Nilipomkabidhi hakuirudisha mahali pake. Aliifunga pamoja na mashine kwenye ncha ya leso, akapiga fundo, akaitia mfuko wa shati. Humo mfukoni ilikaa miezi mitano.

Mashine ile niliichagua mimi, tena kwa sababu moja tu: haionekani. Muuzaji alizipanga tano mezani, nikanyoosha kidole kwenye iliyo ndogo kuliko zote, nikamlipia mzee kitu ambacho mikono yake haikukiweza na masikio yake hayakutosheka nacho. Naandika haya kwa mtu aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama siku ile, pesa mkononi, hajui aanzie wapi. Ushauri wangu ni aanze na mambo matatu kabla ya kuuliza udogo: vidole vya mvaaji, hali ya tundu la sikio lake, na mahali betri itakapopatikana mwezi wa sita baada ya kununua.

Neno moja kuhusu jina. Kwenye elimu maalumu utasikia walimu wakisema shimesikio. Mtaani tunasema mashine ya sikio, nami nitaendelea hivyo.

Sikio lipimwe kwanza

Usilinganishe mashine kabla sikio halijaangaliwa na mtu mwenye taa na ujuzi. Wapo wazee wanaosemwa wamezibwa masikio na uzee, kumbe ni nta iliyoganda, ikitolewa wanasikia siku hiyo hiyo. Wapo ambao ngoma ya sikio imetoboka. Wapo wenye usaha unaotoka na kukauka, hao nitawarudia chini kwa sababu habari yao ni tofauti kabisa. Kwa hapa Dodoma anzia hospitali ya rufaa, iwe ya mkoa, tunayoiita General, au Benjamin Mkapa kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, umuulizie daktari wa masikio, pua na koo na mtaalamu wa upimaji wa usikivu.

Kipimo kikifanyika utapewa karatasi yenye mistari miwili, wa sikio la kulia na wa kushoto. Hiyo ndiyo odiogramu. Iombe, uitunze kama cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mashine yoyote ya maana hupangwa kwa kufuata mistari hiyo. Namba zake ni desibeli, yaani sauti inabidi iwe kubwa kiasi gani ndipo mtu aisikie. Kwa mgawanyo ambao Shirika la Afya Duniani linautumia tangu ripoti yake ya usikivu ya 2021, chini ya 20 ni kawaida, 20 hadi 35 upungufu ni mdogo, 35 hadi 50 ni wa kati, 50 hadi 65 ni wa kati unaokaribia mkubwa, 65 hadi 80 ni mkubwa, na 80 kwenda juu ni mkubwa mno hadi kutosikia kabisa. Baba sikio la kulia lilisoma 60 na kitu, la kushoto 70 na kitu. Laiti ningeiona karatasi hiyo mapema, ile mashine ndogo ya tunduni nisingeigusa, maana kwa kawaida nguvu yake huishia kwenye upungufu wa kati.

Tazama pia umbo la mstari, usiishie kwenye namba. Mstari ukianza vizuri kushoto halafu ukaporomoka upande wa kulia, mtu huyo anasikia sauti nene ila sauti nyembamba zimempotea. Ndio wale wanaosema, "Nasikia mnaongea, lakini sielewi mnasema nini." Irabu anazipata, ila s, f, sh na t zimekwenda. Kwake "fika" na "shika" ni neno moja, na sauti ya mjukuu wa kike inampita huku ya mwanaume anaipata. Uzee na kelele za kazini mara nyingi huharibu kwa mtindo huu.

Ya nyuma ya sikio na ya ndani ya tundu

Hizi mbili ndizo watu wengi wanazipimanisha, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Ya nyuma ya sikio ina kasha lililopinda kama punje ya korosho, linakaa juu ya sikio kwa nyuma. Ndani yake mna kinasa sauti, kikuza sauti na spika. Sauti inashuka kwa kimrija laini cha plastiki hadi kwenye moldi, yaani kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mtu huyo peke yake. Baba, baada ya ile ndogo kushindikana, alihamia aina hii, nami nilikuwepo alipofinyangiwa moldi yake. Mtaalamu alisukuma kwanza kipande cha sponji chenye uzi mbali ndani ya tundu ili kulinda ngoma ya sikio, akachanganya ute wa rangi mbili kama unga na maji, akaujaza kwenye bomba, akauingiza taratibu hadi ukajaa bakuli lote la sikio. "Baridi kama udongo wa mfinyanzi," Baba alisema. Baada ya dakika chache ulikuwa umekauka kama raba. Mtaalamu akauchomoa kwa kuuzungusha, na pale mkononi mwake ukawa umelala mfano kamili wa sikio la baba yangu, hadi kikovu alichokipata utotoni kwa kukwaruzwa na mwiba.

Faida yake kubwa ni nguvu. Zipo za upungufu mdogo na zipo za upungufu mkubwa mno, zote kwa umbo hilo hilo, kwa hiyo usikivu ukishuka miaka ijayo mara nyingi inatosha kuipanga upya. Faida ya pili ni kushikika. Kasha ni kubwa, kimlango cha betri unakisikia kwa kidole hata bila miwani, na betri ni kubwa kiasi. Faida ya tatu, ambayo kwa mkoa wetu naipa uzito sana, ni kwamba mashine yenyewe haiingii sikioni. Kinachoingia ni moldi, kipande kisicho na umeme. Nta ikijaa unaichomoa moldi, unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unapuliza kimrija kikauke, unarudishia. Kimrija kikikakamaa, na kwa ukavu wa hapa kinakakamaa haraka, kinabadilishwa kwa bei ndogo na mashine inabaki ile ile. Kwa mtoto ndio usiseme: sikio lake linakua kila mwaka, unabadilisha moldi tu. Ya ndani ya tundu ungeitupa.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Inaonekana. Inagombania nafasi na mkono wa miwani. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane ukipiga kwenye kinasa sauti chake, mvaaji anasikia mvumo mtupu. Moldi ikiwa haikukaa sawasawa, mashine inapiga mluzi ambao yeye huenda asiusikie ila nyumba nzima mnausikia. Na mwanzoni sauti yake mwenyewe inamrudia kama anaongea ndani ya mtungi. Hilo hupunguzwa kwa kutoboa kitundu kidogo cha hewa kwenye moldi, lakini mwenye upungufu mkubwa hatobolewi kitundu kikubwa, sauti itavuja na mluzi utarudi.

Simu nayo ina namna yake. Baba alikuwa anaiweka kwenye tundu la sikio kama zamani, halafu analalamika haisikiki. Kinasa sauti kipo juu, nyuma ya sikio. Tulimwelekeza aipandishe simu kidogo kuelekea kwenye panja na aiachie nafasi ya unene wa kidole. Siku hiyo akaongea na mdogo wake aliyeko Kondoa dakika ishirini.

Sasa ya ndani ya tundu. Nisiionee. Inashinda kwenye mambo kadhaa, na kwa mtu sahihi ndiyo ya kuchukua. Kinasa sauti kimejificha ndani ya sikio, kwa hiyo upepo hauisumbui sana. Simu inawekwa kawaida. Miwani haigusi kitu. Mwanamke wa hijabu au mtandio uliobana hapati ule mkwaruzo wa kitambaa kwenye kinasa sauti. Mtu anayevaa kofia ngumu ya pikipiki kila siku naye anapona usumbufu wa kuvua na kuvaa.

Lakini mashine nzima, pamoja na spika na umeme wake, inaishi pale nta inapotengenezwa. Spika inazibwa na chujio ndogo nyeupe isiyozidi kichwa cha pini, inayotakiwa kubadilishwa mara kwa mara kwa kijiti maalumu, na mwenye kubadilisha anahitaji macho mazuri na mkono usiotetemeka. Betri yake ni ndogo kuliko zote na inaisha ndani ya siku chache. Kasha la nyingi hutengenezwa kwa umbo la sikio moja, likipasuka hakuna la kuazima. Na ikidondoka, hapa kwetu kwenye mchanga na majani ya mwarobaini, unaitafuta na watu watatu.

Ipo ya kati na kati, inayojaza bakuli lote la sikio badala ya kuzama tunduni. Inaonekana, lakini betri yake ni kubwa zaidi, inashikika, na baadhi zina kitufe cha sauti. Kwa mtu asiyeweza kuvumilia kitu nyuma ya sikio lakini vidole vyake si vyepesi, ulizia hiyo kabla ya ile ya kufichika.

Ya waya mwembamba

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari, bado yupo kazini. Upungufu wake ni ule wa mstari unaoporomoka. Yeye ana mashine ambayo ukiiona kwa haraka utadhani ni ya nyuma ya sikio iliyokonda. Tofauti ni kwamba spika imetolewa kwenye kasha na kupelekwa tunduni, imeunganishwa kwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Mwishoni kuna kikofia laini cha silikoni chenye matundu, si moldi iliyojaa. Tundu linabaki wazi kiasi, sauti nene zinaingia zenyewe kama kawaida na mashine inaongeza zile nyembamba tu. Ndiyo maana mwalimu hasikii sauti yake ikivuma, na darasani anamtambua mwanafunzi wa nyuma anayenong'ona.

Kama mvaaji ana upungufu mdogo hadi wa kati, sauti nyembamba ndizo zinazompotea, masikio yake ni makavu na safi, na yeye mwenyewe ni mwepesi wa vidole, nadhani hii inazishinda zote kwa starehe. Ila spika ipo sikioni, kwa hiyo nta na jasho vinaifikia, na ndiyo sehemu inayokufa mapema. Spika ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine. Kabla hujalipa, muulize muuzaji swali hili kwa maneno haya haya: spika hii ikifa, inatoka wapi, inachukua siku ngapi, na mimi nikiwa Dodoma naipataje? Akisitasita, rudi kwenye ya kimrija. Na sikio linalotoa usaha hata mara moja moja, mashine hii isilikaribie.

Betri, ukavu na umeme

Nilidhani betri ni betri. Za mashine nyingi za sikio si kama za saa. Zinaitwa za zinki na hewa: zina vitundu vidogo upande mmoja vilivyofunikwa kwa stika ya rangi, na zinaanza kufanya kazi pale stika inapobanduliwa na hewa kuingia. Rangi ya stika ndiyo namba yake. Njano ni 10, ndogo kabisa, ya mashine za tunduni. Kahawia ni 312. Chungwa ni 13. Bluu ni 675, kubwa, ya mashine za nguvu. Namba 10 inaweza kukaa siku tatu hadi wiki. Namba 675 inaweza kufika wiki mbili na zaidi. Inategemea nguvu ya mashine na saa za kuvaa.

Ukishabandua stika, iache betri juu ya meza dakika moja au zaidi ndipo uitie. Ikipata hewa ya kutosha mwanzoni inafanya kazi vizuri zaidi. Na bandua moja tu. Baba, kwa nia njema kabisa ya kurahisisha kazi, alikaa jioni moja akabandua stika za pakiti nzima, zote sita, akazipanga kwenye kifuniko cha birika. Alipofika ya nne, zilizobaki hazikuwa na kitu. Betri iliyofunguliwa inaendelea kuisha hata kama haimo kwenye mashine, na kurudisha stika hakuizuii kabisa. Hewa kavu inaongeza balaa kwa sababu unyevu wa ndani ya betri unapotea kupitia vile vitundu. Pwani wana shida ya unyevunyevu unaoingia kwenye mashine. Sisi, kuanzia Mei hadi Novemba mvua ikiwa haipo na hewa imekauka hadi midomo inapasuka, shida yetu ni hiyo ya ukavu, na juu yake vumbi.

Kuhusu vumbi, tazama kwenye maelezo ya mashine kama kuna herufi IP na namba mbili. Tarakimu ya kwanza ikiwa 6 maana yake vumbi haliingii. Ya pili inahusu maji. IP68 ni ya kuitafuta kwa mtu anayeshinda shambani Chamwino au sokoni Majengo.

Sasa zipo za kuchaji, na mtu wa mjini anaweza kuona ndio jibu. Kwa vidole vigumu ni jibu kweli: hakuna kimlango, hakuna punje ya kuruka. Mzee anaziweka kwenye kisanduku usiku, asubuhi anavaa. Chaji ya saa tatu au nne kwa nyingi inatosha siku nzima. Lakini umeme ukikatika usiku na asubuhi ana kikao cha ukoo, hana masikio siku hiyo. Kijijini penye sola ndogo inawezekana, mradi chaja inakubali waya wa kawaida wa simu, hilo liulize. Pia betri ya ndani huchoka baada ya miaka kadhaa, na si zote zinazoweza kubadilishwa hapa nchini. Kwa Baba, ambaye nusu ya mwezi yupo shamba, nilichagua ya betri ya kubandua, namba 13, na nikamwekea pakiti mbili za akiba mbali na jua. Kama angekuwa anakaa mjini moja kwa moja ningechukua ya kuchaji.

Jambo moja nisilipitie haraka: betri hizi ni hatari kwa watoto wadogo. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali saa ile ile, usisubiri aitoe. Zikishaisha zisiachwe dirishani wala kwenye mkeka.

Ya mfukoni

Watu wanaicheka kwa sababu inafanana na redio ndogo: kasha linabanwa kifuani, waya unapanda hadi sikioni. Mimi siicheki. Bibi mwenye baridi yabisi, vidole vimepinda na macho yana mtoto wa jicho, anayekaa Mvumi au Hombolo, anaweza kuzungusha gurudumu la sauti la mashine ile bila msaada wa mtu. Betri yake ni ile ya kawaida ya rimoti au tochi, inauzwa duka lolote la kijijini. Nguvu inayo, na haipigi mluzi sana kwa sababu kinasa sauti kipo mbali na spika.

Kasoro zake: kinasa sauti kipo kifuani, kwa hiyo kila khanga ikisuguana nacho anasikia mkwaruzo, na hajui sauti inatoka upande gani. Waya unakatika. Kwa kijana au mtu wa kazi siishauri. Kwa bibi huyo, anayekaa na mtu mmoja au wawili barazani wakipiga soga, inamtosha kuliko kitu cha bei kubwa kilichofungwa kwenye leso.

Zile za bei ya chee

Hapa nitakuwa mkali. Kuna vikuza sauti vinauzwa mitandaoni na kwa wamachinga, vinafanana kwa umbo na mashine za sikio, na havikupangwa kwa sikio la mtu yeyote. Vinaongeza kila kitu kwa pamoja: neno la mjukuu, bodaboda, sufuria inayokwanguliwa. Mtu ambaye sauti nene anazisikia vizuri anamiminiwa zile zile asizozihitaji, na sauti kubwa kupita kiasi inaweza kuharibu usikivu uliobaki. Marekani mwaka 2022 waliruhusu aina ya mashine zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati tu. Hizo zina masharti yake ya ubora, zisichanganywe na hivi vya kubahatisha, na hata zenyewe si za mtoto wala za mtu mwenye upungufu kama wa baba yangu.

Sikio lenye usaha, na mtoto

Mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, masikio yake yanatoa usaha, yanakauka, yanarudi tena. Kwake karibu yote niliyoandika hapo juu hayatumiki. Ukiliziba sikio la namna hiyo kwa moldi, unafungia unyevu na joto ndani, usaha unazidi. Kwanza tiba, na hiyo ni kazi ya daktari, si ya mafuta ya moto wala maziwa yanayodondoshwa sikioni. Kama sikio halikubali kukauka na sikio la ndani ni zima, ipo mashine inayopitisha sauti kwenye mfupa. Kidude kinachotetema kinakaa juu ya mfupa nyuma ya sikio, kinashikwa na mkanda laini wa kichwani kama wa kubana nywele, na mtetemo unafika sikio la ndani bila kupita tunduni. Tundu linabaki wazi, linapumua. Mtoto aliyezaliwa bila tundu la sikio naye husaidiwa hivyo hivyo. Ni ghali, na mkanda unakera wakati wa joto, lakini kwa mtoto huyu hakuna ya kulinganisha nayo.

Upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, ambao Muhimbili waliuanza mwaka 2017, si jambo la kuchagua dukani. Ni upasuaji kwa wale ambao hata mashine zenye nguvu haziwasaidii, na kwa mtoto aliyezaliwa hasikii, kadiri anavyofikishwa mapema ndivyo unavyomsaidia kupata lugha. Kama una mtoto wa namna hiyo, acha kusoma ulinganisho huu, mpeleke apimwe.

Moja au mbili?

Masikio yote mawili yakiwa na upungufu, mbili ni bora: mtu anajua anaitwa kutoka wapi, na kwenye kelele anaelewa zaidi. Lakini bei ya moja iliyopangwa vizuri, yenye betri za mwaka na mtu wa kuirekebisha, naiweka mbele ya mbili zitakazokaa bila betri mwezi wa tatu. Uliza bima yako inagharamia nini, kisha uliza kama bei uliyotajiwa ina moldi ndani, kuipanga, na kuirudisha kupangwa tena. Kurudi lazima mtarudi. Ubongo uliozoea kimya hauzoei sauti kwa siku moja, unachukua wiki kadhaa hadi miezi.

Baba siku ya kwanza alivaa saa moja tu, ndani, tukiwa wawili. Siku ya pili alilalamikia mlio wa mwiko kwenye sufuria ya ugali. Wiki ya pili mvua ilinyesha juu ya bati, akaitoa mwenyewe kwa mkono mmoja, akaiweka kwenye kopo lake, ilipokatika akairudisha. Ni ya nyuma ya sikio, rangi ya kijivu, inaonekana hadi ng'ambo ya barabara, na hakuna mtu aliyesema neno isipokuwa shemeji yake aliyeuliza inapatikana wapi.

Jumamosi iliyopita mzee mwenzake alipita nje ya uzio akatoa salamu bila kusimama, kama watu wanavyofanya wakijua hawatajibiwa. "Mbukwenyi!" Baba alikuwa amenipa mgongo, anachambua karanga. Akageuka upande sahihi, akaitikia. Yule mzee alirudi hatua tatu, akafungua geti, akaketi.

Jioni yake Baba akaniuliza kama sikio la kushoto nalo linaweza kufinyangiwa. Tuna miadi Jumanne, saa mbili asubuhi.